Kurasa Zilizovutwa Rukuba

Mtu akistaafu ukutubi, swali la kwanza analoulizwa ni amesoma vitabu vingapi. Mimi nimeulizwa na jirani, na mchungaji, na muuza mkaa wa hapa Nyakato, na wote nimewajibu kwamba mwenye duka la chumvi halambi magunia yote. Kazi yetu ni kujua kitabu kiko wapi, kiko kwa nani na kitarudi lini. Hilo la mwisho ndilo lililoniotesha mvi. Neema, ambaye sasa amekalia kiti changu pale maktaba Musoma, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi, akanionya nisijaze habari za vyeo. Asiwe na wasiwasi. Vyeo vyangu vinaenea kwenye mstari mmoja na nafasi inabaki.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba, nina cheti cha ukutubi na viatu vipya vilivyolia kila nilipokanyaga. Mkutubi mkuu wakati huo alikuwa Mzee Wambura, mtu aliyetumia maneno kama anayanunua. Alivitazama viatu vyangu, akaingia ofisini, akatoka na kandambili zake. Siku yangu ya kwanza yote nilihudumia wasomaji nikiburuta kandambili za mwanamume. Mchana akaniketisha katikati ya ukumbi wa kusomea, akaniambia nifumbe macho.

"Sikiliza," akasema. "Nani anasoma, nani amelala?"

Nikasema wote wanasoma. Akaniambia yule wa dirishani amelala tangu asubuhi, maana ukurasa wake haujalia hata mara moja. Nilifungua macho, nikamkuta kijana wa watu ameegemea atlasi, mate yameshafika bara la Asia.

Chombo kikuu cha Mzee Wambura kilikuwa penseli. Akigonga meza mara moja, maana yake punguza sauti. Akigonga mara mbili, toka nje. Sikuwahi kumsikia akigonga mara ya tatu. Kuna bwana mmoja aliyepita kusoma gazeti akiwa na jogoo wake kwapani, anampeleka sokoni. Jogoo akawika. Mzee akagonga mara moja. Jogoo akawika tena. Mzee akagonga mara mbili, na yule bwana akainuka na kutoka akiwa ameinamisha kichwa, jogoo anatazama nyuma kama mwenye hoja ambayo haijasikilizwa.

Alinifundisha pia kushona vitabu, kwa sindano, uzi mnene na gundi ya unga wa muhogo. Miaka ile tulikuwa tunapeleka sanduku la vitabu kisiwani Rukuba kwa boti, kwa ajili ya kambi za wavuvi. Sanduku likirudi lilinuka dagaa kiasi kwamba paka wa mjini walilisindikiza kutoka ufukweni mpaka mlangoni petu. Vitabu vilirudi vimeachia mgongo, vingine vimelowa. Mzee Wambura alivishona vyote, na alikuwa fundi hasa: akishamaliza huwezi kujua kidonda kilikuwa wapi. Lishikeni hilo la kushona, kwa sababu lilikuja kunitokea puani miaka mingi baadaye.

Alipostaafu aliniachia penseli yake, imebaki kipande cha urefu wa kidole. Akasema, "Nyangeta, maktaba ni kimya. Vingine vyote ni mbao na karatasi." Niliyashika maneno hayo kama amri ya kumi na moja. Kwa miaka yote iliyofuata, wanafunzi wa mji huu walinijua kwa jina la Mama Kimya, na walidhani sijui.

Sitawachosha na miaka ya katikati. Katalogi ya kadi ikaondoka, kompyuta ikaja, panya wakahama kutoka kwenye droo kwenda kwenye kompyuta. Kisha likaja agizo kutoka juu kwamba kila maktaba iingie mtandaoni, iwafuate wasomaji huko waliko. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na nilidhani agizo hilo linamhusu atakayefuata. Neema, aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa, akanifungulia ukurasa wa maktaba kabla sijamaliza kukataa.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya kamusi mpya, nimeipiga vizuri, imesimama juu ya meza. Ilipata laiki moja, na nilipochunguza nikakuta nimeigonga mwenyewe kwa kidole gumba. Baadaye komenti zikaanza. Mmoja aliandika "Amina." Mwingine aliandika kwamba anauza kiwanja Nyakato, maji na umeme viko jirani. Wa tatu akauliza kama wali bado upo. Nilimjibu kwa adabu kwamba hapa ni maktaba, naye akaniuliza sasa kwa nini tumeweka meza.

Tukaona tufungue grupu. Neema alichukua namba za simu kwenye fomu za wasomaji wa zamani na wapya, akaziingiza zote kwa mpigo. Sasa nyinyi mnajua, huku kwetu hakuna mtu anayeingizwa kwenye grupu bila kuulizwa isipokuwa kuna msiba au kuna harusi ya kuchangia. Kabla sijaandika neno la kukaribisha, mtu akaandika, "Poleni sana wafiwa. Mazishi ni lini?" Zikafuata pole nyingine. Mmoja akaandika kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Nilipoeleza kwamba hakuna aliyekufa, ni maktaba tu, nusu ya watu wakajitoa, nadhani kwa kukasirika.

Ndipo ikaingia sauti ya mwanamke, nyuma yake upepo na injini ya boti.

"Nyie mnaoniandikia, mimi sisomagi. Kama ni msiba semeni kwa mdomo."

Huyo ndiye Mama Nyamisi, mwanika-dagaa wa Rukuba. Laini yake ya simu kumbe zamani ilikuwa ya mwanafunzi wetu mmoja aliyeiacha ikafa, kampuni ikaiuza upya. Ilibidi nimjibu kwa sauti, na hapo nikagundua kwamba katika jengo lile lote hakuna mahali ambapo ningeweza kusema bila kuvunja sheria yangu mwenyewe. Nikajifungia stoo ya magazeti ya zamani. Nilitoka humo nina vumbi kwenye nyusi, na wasomaji wakanitazama kama mtu aliyetoka kufanya jambo la siri.

"Maktaba inauzaga nini?" akaniuliza.

"Hatuuzi, mama. Tunaazima vitabu watu wakasome."

"Na asiyejua kusoma mnamwazimaga nini?"

Miaka yote ile ya kazi, swali hilo halikuwa kwenye fomu yoyote. Nikasema nitamsomea. Nikachukua rafuni riwaya moja ya zamani ambayo sikuwahi kuisoma, niliichagua kwa sababu ilikuwa nyepesi kushika na mgongo wake umeshonwa vizuri. Ilikuwa habari ya mwanamke anayeitwa Nyasinde, aliyetoka kwa mume wake akarudi kwa baba yake, na wakwe wakaanza kudai ama yeye arudi ama ng'ombe warudi. Sikujua namna ya kuanza kusema kwenye simu, kwa hiyo niligonga meza mara moja kwa penseli ya Mzee Wambura, nikasoma kurasa chache, nikatuma.

Kesho yake Mama Nyamisi akaniambia kambi nzima inasikiliza. Walikuwa wameunganisha simu na spika kubwa ya kuchezea muziki, wameiweka juu ya debe, na jioni kabla ya boti za dagaa kutoka wanaume walikaa wakishona nyavu huku Nyasinde anapita na mtungi wake. Mimi huku mjini nilikuwa naishi stoo. Wavuvi walinitumia maoni, mengine siwezi kuyaandika hapa. Walibishana kama ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa wanahesabika kwenye mahari. Walikaa baraza, wakamtoza mkwe wa Nyasinde faini ya mbuzi kwa mdomo wake mchafu, wakanitaka nimfikishie habari. Nilicheka peke yangu kati ya magazeti mpaka Neema akaja kugonga mlango, mara mbili.

Siku moja Mama Nyamisi akanipigia kabisa, hakutaka grupu lisikie.

"Mama Maktaba, nikuulize. Nyasinde anarudi kwa yule mwanaume ama harudi?"

"Bado sijafika, mama. Nasoma pamoja nanyi."

"Harakisha basi. Mimi nimetoka kwa mwanaume huko Murangi, alikuwa ananipiga. Sasa kaka zangu wamenitumia neno. Wale watu wanataka ng'ombe ama mimi, na kaka zangu ng'ombe hawana, walishaolea. Nimewaambia wanipe muda, kuna jambo nasubiri. Nasubiri hiyo kitabu."

Nilikaa juu ya rundo la magazeti. Wasomaji wameniuliza mengi maishani, dawa ya chunusi, njia ya kwenda Kanada, lakini hakuna aliyewahi kuning'iniza maisha yake kwenye riwaya. Niliogopa. Nikafanya ambacho ningepaswa kufanya siku ya kwanza: nilifungua kurasa za mwisho. Nyasinde amesimama uwanjani kwa baba yake. Upande huu wanaume wa ukoo wa mumewe, upande ule ng'ombe wa mahari. Baba anamuuliza, "Binti yangu, unarudi au hurudi?" Nikageuza ukurasa, nikakutana na jalada.

Kurasa za mwisho hazikuwepo. Zilikuwa zimechanwa zamani, na Mzee Wambura, Mungu amrehemu, alikuwa ameshona mgongo kwa ufundi wake wote, kidonda hakionekani.

Niliwaambia Rukuba ukweli. Kambi ilichafuka. Mama Nyamisi alisema neno moja tu: "Sasa huyo mtoto wa watu atasimama hapo uwanjani mpaka lini?"

Baada ya siku kadhaa ikaingia sauti ya mzee, anakohoa.

"Mama, mimi Masatu. Zamani lile sanduku lilipokujaga hapa, tulikuwa hatuna karatasi ya kusokotea tumbaku. Nikachana kidogo. Nilianzia nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na picha."

Kelele zilizofuata nyuma yake sikuzielewa mara moja. Mama Nyamisi alinifafanulia kwamba wenzake hawakumlaumu kwa kuvuta, tumbaku ni tumbaku. Walichokasirikia ni kwamba angechana katikati pasingejulikana. Wakamfukuza karibu na spika mpaka mwisho upatikane.

Neema alikuwa na ushauri. "Mama, si utunge tu? Sema hakurudi. Nani atajua?"

Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Moyoni, hata hivyo, niliifikiria njia hiyo kwa urefu wake wote. Mama yule alikuwa anataka neno moja, na mimi nilikuwa nalo mdomoni. Lakini asubuhi yake angewaambia kaka zake, na ndoa ya mtu ingekuwa imeamuliwa na mimi, stoo, kwa jina la mwandishi ambaye hakusema hivyo.

Kitabu hicho kilikuwa na nakala ya pili. Iliazimwa enzi za Mzee Wambura na haikurudi, na kadi ya mwazimaji ilikwisha kuliwa na mchwa. Tukaweka picha ya jalada kwenye ukurasa, tukaandika kwamba maktaba inakitafuta kitabu hiki, aliye nacho atujulishe. Mmoja akaandika "Amina." Yule wa kiwanja akarudi, bei imeshuka. Mwingine akatuelekeza kwa mganga wa kurudisha vilivyopotea. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, ndipo dada mmoja muuza vitenge wa Bunda akaandika mbele ya mkoa mzima: "Mbona hicho kitabu kipo kwa baba yangu Butiama, kimewekwa chini ya mguu wa kabati?"

Baba yake alikuwa katekista anayeheshimika. Nasikia waumini walimtazama Jumapili ile kuliko walivyoitazama altare. Nikamtumia ujumbe binti, kwamba mzee alete kitabu tu, hakuna ugomvi. Nilidhani atakipa mtu wa basi.

Katikati ya wiki wakaingia ukumbini wazee wawili wenye fimbo na shangazi mmoja mwenye jogoo. Walikaa kwenye meza ya wasomaji, wakasalimia, wakauliza habari za mvua, za mifugo yangu, ambayo sina, na za watoto wangu. Shangazi alikuwa amepakata kitu kilichofungwa kwenye kitenge kipya. Nikanyoosha mkono. Akakivuta kwake.

Mzee mkubwa, ambaye alijitambulisha kuwa kaka wa katekista, akakohoa na kusimama.

"Mama, sisi ni wageni wako. Tumemleta binti yenu aliyekaa kwetu siku nyingi. Hakupigwa, hakulala njaa, na mvua haikumnyeshea. Ana alama moja tu, ya mguu wa kabati."

Wanafunzi wote wakaacha kusoma. Na mimi, mtoto wa Mara, ningefanyaje? Nikasimama, nikawajibu kwamba binti ni wetu, tumempokea, na kwetu hakuna kisasi.

"Tuna swali," akasema. "Aliyekaa naye atafungwa?"

"Hafungwi, baba. Kwani yeye yuko wapi?"

Wakatazamana. "Yupo nje. Amejificha nyuma ya fuso."

Katekista akaingia, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema, na ukumbi mzima ukaitikia milele amina. Akaniambia alikuwa anasemaga kesho nitarudisha, kesho nitarudisha, hadi akaona aibu ya kukaa nacho ni ndogo kuliko aibu ya kukirudisha. Wakati huo jogoo akawika. Neema akagonga meza mara moja. Nikawaambia kwamba mali ya serikali haifidiwi kwa kuku, shangazi akanijibu kwamba jogoo wa kupatanisha harudi nyumbani akiwa hai, nisiwaletee mkosi. Tulimla Jumamosi.

Nilipomsindikiza katekista mlangoni, nilimwambia kisa cha Mama Nyamisi. Akasimama.

"Usimsomee huyo mama mwisho," akasema. "Mimi nimeusomaga mara nyingi. Nyasinde anarudi."

Niliingia stoo, nikasoma mwenyewe. Ni kweli, alirudi. Mwandishi alimfunga mzigo, akampa wimbo wa njiani, akamrudisha kwa yule mwanaume kwa ukurasa mmoja na nusu. Sijawahi kuchukia kitabu namna ile. Neema alisimama mlangoni, na safari hii hakunishauri. Nilifuta machozi, nikagonga penseli, nikasoma kila neno kama lilivyoandikwa, nikatuma kabla sijabadili nia.

Nikarudi mezani kungoja. Nilihudumia wasomaji, nikagonga mhuri wa tarehe kwenye kiganja changu mara mbili. Jioni ikaingia sauti ya Mama Nyamisi, na nyuma yake hakuna aliyecheka wala kukohoa.

"Mama Maktaba, nimesikia. Nyasinde amerudi." Upepo ukapita. "Huyo mwandishi amewahi kuolewa? Mimi nilikuwa nataka yule dada anipe ruhusa. Alipofunga mzigo nikasema hapana, hapana, weka chini. Nimesema kwa nguvu mpaka watu wamenishangaa. Ndio nikajua kumbe mimi nimeshaamuaga. Nimewapigia kaka zangu. Sirudi. Ng'ombe zao nitazitafuta kwa dagaa, pole pole."

Kisha nyuma yake wanaume wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na sauti ya mzee Masatu ikapenya: "Tuletee kingine, mama, ila hicho kabla hujaanza angalia kwanza kama kina mkia."

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Waliniaga kwa keki na hotuba, na nikamkabidhi Neema funguo, mhuri, na kile kipande cha penseli. Usomaji wa jioni sasa ni wake, na stoo tumeisafisha, ina kiti.

Mwezi huu nilipanda boti nikaenda Rukuba, nikaone walionijua kwa sauti tu. Mama Nyamisi ni mfupi kuliko nilivyodhani, na ana kicheko kinachosikika kabla hajafika. Deni la ng'ombe bado linamfuata na halimkoseshi usingizi. Alinikalisha karibu na debe lenye spika, akanipa sato na ugali, na mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia. Wanaume walikaa na nyavu zao, Masatu mbele kabisa. Nilikuwa katikati ya kumweleza Mama Nyamisi habari za Mzee Wambura, za kandambili na za yule jogoo wa kwanza, mikono yangu yote miwili iko hewani, ndipo kwenye spika pakasikika penseli ikigonga meza mara moja.

Mama Nyamisi akaokota kijiti, akagonga debe.

"Mama," akaniambia, "kimya. Maktaba imefunguliwa."

Nikashusha mikono, nikanyamaza.